Biskuti ni chakula cha njia

Jamani, leo tuongee juu ya biskuti. Ndiyo, ile kavu ya pakiti, ambayo wengi wetu tulipewa siku ya kwanza baada ya kuvuka Grande Barrière na kuingia Gisenyi.

Tulikuwa tunaicheka. Ngumu, na bila chai haishuki. Kisha tukatafuta imetoka wapi. Neno lenyewe ni la Kilatini: mkate uliookwa mara mbili. Waitaliano wanasema biscotto. Kule mji wa Prato wana cantucci, biskuti za lozi: kinyunya kinaokwa kwanza kama mkate mrefu, kinakatwa vipande, halafu vinarudishwa kwenye tanuri vikauke. Antonio Mattei alifungua duka lake huko mwaka 1858, na mpaka leo lipo. Nao hawazili kavu, bana! Wanachovya kwenye divai, kama sisi kwenye chai.

Kwa nini mara mbili? Kwa sababu kitu kikavu hakiharibiki upesi. Mabaharia na askari walibeba mkate wa namna hiyo miezi na miezi. Biskuti za PAM zina akili ileile: gramu 100 zinatoa kilokalori kama 450, bila kuni wala sufuria.

Basi tusiidharau. Mama aliyevuka usiku na watoto hana pa kuwasha moto. Lakini biskuti ni chakula cha njia, cha mtu ambaye hajafika. Ukimpa siku ya kwanza, umemsaidia kweli. Ukimpangia kila siku kama ile ya kwanza, unamwambia bado hajafika.

Sisi tumefika. Kuna mwenzetu alivuka Novemba 2012, akarudi Goma, akavuka tena Januari 2025. Anasema na yeye ameokwa mara mbili.

Ndugu zetu wa mashirika, asanteni kwa pakiti ile. Sasa tuulizeni tunajua kupika nini. Kati yetu kuna dada wanaojua kukaanga mandazi ya kuuza. Wanachokosa ni mfuko wa unga na mafuta, si semina nyingine. Na sisi vijana, foleni isiwe kazi yetu. Tuweke pamoja kidogo tulicho nacho, tuanze na karai moja.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu imepita zamani. Tunaomba jembe.