PUMBA TUPU HAIJENGI YAI



Wapo wenzetu wanaopita nyumba hadi nyumba wakisema ushirika ununulie kuku wetu wa mayai pumba tupu, eti ni rahisi, na dagaa ni anasa. Tunawapinga waziwazi. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku. Zikiwa pumba tupu tumbo litajaa, lakini yai halijengeki. Ganda la yai ni chokaa. Kuku akiikosa kwenye chakula huichota kwenye mifupa yake mwenyewe, mayai yanakuwa laini, miguu inalegea. Hapo ndipo tunasikia, "Kuku karogwa!" na jirani anasingiziwa. Nani karoga? Hilo debe la pumba.

Tunataka pumba ichanganywe na mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti, dagaa, na chokaa ya mifugo (siyo ya kupaka ukuta, jamani!). Maganda ya mayai nayo yakaushwe, yatwangwe. Vifaranga wasipewe mchanganyiko huu, chokaa nyingi huwaharibu figo. Na mahindi yenye ukungu "tunayowaachia kuku" yafukiwe, yana sumukuvu.

Mkutanoni tutapiga kura ya kukataa. Wenye pumba yao waje watueleze mayai yatatoka wapi.