AFYA YA JAMAA: Presha isiyoonekana mkononi



Mwezi huu tunamjibu mama mmoja aliyetuandikia. Anasema akibeba jerikani kutoka bombani anahema, na jioni miguu inavimba. Walimpima presha mkononi, ikaonekana nzuri. Majirani wameanza kunong'ona habari za sumu. Sasa daktari amemwandikia eko ya moyo, naye anauliza: "Mimi sina mimba, ekografi ya nini?"

Mama, ni kweli, kazi yake inafanana na ile ya wajawazito. Inatumia mawimbi ya sauti, si miale kama eksirei. Utalala kwa ubavu wa kushoto, utapakwa jeli baridi kifuani, basi. Haiumi.

Moyo una pande mbili. Wa kushoto unasukuma damu mwilini kote, na hiyo ndiyo presha ya mkono. Wa kulia unaisukuma mapafuni tu. Presha ya huko inaweza kupanda huku ya mkono iko sawa kabisa! Ukuta wa upande huo ni mwembamba. Ukilazimishwa kazi nzito siku nyingi unatanuka, unachoka, na maji yanajaa miguuni. Hapo hakuna mchawi.

Kwenye picha daktari anatazama kama upande wa kulia umekuwa mkubwa na kuubana wa kushoto. Kisha anapima mbio za damu inayovuja kurudi nyuma kwenye mlango wa upande huo. Ikizidi mita 2.8 kwa sekunde, anaanza kushuku. Hesabu yenyewe hata mtoto wa shule ataifanya: kasi mara kasi, halafu mara 4. Kasi ya mita 3 inaonyesha tofauti ya presha ya 36, kwa kipimo kilekile cha presha ya mkono. Tena anaangalia mlango unashuka kiasi gani kila moyo ukipiga. Chini ya milimita 17, moyo umechoka.

Lakini eko inakadiria. Uhakika kamili unatoka kwenye mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, kazi ya hospitali kubwa.

Chanzo nacho hutafutwa, juu dawa zinatofautiana. Inaweza kuwa milango ya moyo iliyoharibika baada ya homa ya baridi yabisi utotoni, ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, au damu iliyoganda. Hata kichocho kinaweza, ingawa si kwa kila mgonjwa. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika tumwambie daktari kwamba tulioga ziwani.

Mama, usiache kwenda. Beba karatasi zako zote, hata zilizochakaa, maana eko ya pili husomwa kwa kulinganishwa na ya kwanza. Na kama unafikiria kupata mtoto mwingine, muulize daktari kwanza. Mimba juu ya ugonjwa huu ni hatari sana kwa mama. Baba naye aende, asikie mwenyewe.