Keringet Hakuna Theluji, Lakini Mlima Bado Unaweza Kukuhamisha Usiku

Wasee wa Keringet, Olenguruone na Molo, hii risto ni yenu. Ushawahi cheki zile video za theluji ikishuka mlima huko Ulaya, inafagia miti na manyumba? Unacheka ukisema hizo ni shida za wazungu. Zii, buda. Huku hatuna theluji, lakini tuko na mlima, mvua na udongo. Zikipatana, kinachoshuka ni matope, na hayabishi hodi.

Angalia hesabu. Solai, 9 Mei 2018: bwawa la Patel likapasuka, watu wasiopungua 47 wakafa. West Pokot, Novemba 2019: maporomoko yakaua zaidi ya 40. Mai Mahiu, 29 Aprili 2024: maji yalijazana nyuma ya kalavati la reli lililoziba, yakafumuka, zaidi ya 45 wakaenda. Chesongoch, Elgeyo Marakwet, 1 Novemba 2025: zaidi ya 30. Mbili kati ya hizo ni ndani ya Nakuru hii yetu.

Umenotice kitu? Zote nne zilikuja giza likiwa limeingia.

Si ati onyo hukosa. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa, lakini mara nyingi inataja kaunti. Sasa Nakuru nzima, kutoka Naivasha hadi Keringet, wewe unayelala chini ya kilima utajuaje ni wewe unaambiwa? Uswizi, taasisi ya SLF hutoa ripoti kila siku msimu wa theluji: hatari inapimwa 1 hadi 5, na wanasema ni upande gani wa mlima na urefu gani ndio mbaya. Sisi tunacheki mawingu tu, alafu tunalala.

Na mlima hauanguki hivi hivi. Mizizi ya miti ndiyo hushikilia udongo. Ukikata miti na kuchimba ukingo upate shamba ama barabara, alafu mvua inyeshe siku kadhaa mfululizo, udongo unakuwa mzito na kuteleza. Watu wa Mau, hapa hamhitaji kuelezwa sana.

Kwa hivyo jichunge. Ukiona nyufa mpya ardhini, miti ama nguzo za stima zimeanza kuinama, mlango unakwama ghafla, ama mto umegeuka matope na maji yamepungua mvua ikiendelea, toka. Hiyo ya mwisho inaweza kumaanisha kuna mahali juu maji yamezibwa. Toka kama bado ni mchana, panda kando ya bonde, usikimbie kulifuata.

Barabarani, maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanaweza kukuangusha. Sentimita 30 zinaelea gari ndogo. Sentimita 60 zinabeba hata gari kubwa. Dere wa mathree akisema "tutapita tu," shuka. Wa nduthi pia. Viazi na maziwa zitafika Molo kesho.

Na baraza ijayo, muulize chifu swali moja: mvua ikizidi saa nane usiku, nani anapigia nani, na tunakimbilia wapi? Kama hakuna jibu, msiondoke hapo kabla lipatikane.