Anayechora Nambari Yako ya Tili Analipwa Lini?

Ukitoka Soko Mugdi pale Garissa mjini, hebu hesabu ni kuta ngapi zimeandikwa kwa mkono. Sisi tulijaribu, tukachoka kabla hatujamaliza mtaa mmoja. Duka la dawa lina vidonge vikubwa kama mikate. Kinyozi ana mkasi na kitana. Mkahawa una birika linalotoa moshi, na sambusa tatu kwenye sahani. Mama anayeuza maziwa ya ngamia ameandikiwa Caano Geel kwa rangi ya buluu, na chini yake, kwa maandishi makubwa kuliko jina la biashara yenyewe, nambari ya tili.

Nambari hizo ndizo zilizotupeleka huko. Sisi ni vijana wa timu ya elimu kwa wateja, wengi wetu tumesomea masoko chuoni, na tulitumwa kuuliza kwa nini malipo mengine yanamwendea mtu asiyekusudiwa. Tulidhani tutaongea na wenye maduka tu. Tukaishia kukaa siku mbili chini ya ngazi ya mchoraji mmoja. Jina lake hatulitaji, mwenyewe amesema anayemtaka atamwona ukutani.

Tuseme maoni yetu mapema, kusudi usome ukijua tunaelekea wapi. Tunaona mchoraji wa kuta alipwe sehemu ya pesa yake kabla hajafungua kopo la rangi. Nusu hivi, na itumwe kwa simu. Wengi wenu mtasema hiyo ni haki yake, mambo yako wazi. Lakini tulipouliza mitaani, karibu kila mtu alitujibu hivi: "Kwanza nione kazi, halafu tutaongea."

Sasa tazama siku yake ilivyo. Anaanza mara baada ya swala ya alfajiri, kwa sababu kufikia saa tano ukuta wa Garissa umeshika moto. Rangi ya mafuta ikipakwa kwenye ukuta wa moto inakauka juu kabla ya ndani, halafu inajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Upepo nao unaleta vumbi, na vumbi likikutana na rangi mbichi hapo hakuna fundi, ni kusugua uanze tena. Kwa hiyo anafanya kazi asubuhi, anapumzika mchana, anarudi alasiri. Anapaka rangi ya maji mara mbili, anapiga mistari kwa uzi wenye chaki, anaandika herufi kwa chaki, ndipo brashi inaingia. Jina la duka na picha moja ni siku mbili, ukiwa na bahati.

Na si kuandika tu. Ukuta mmoja unaweza kuwa na Kiswahili, Kisomali, Kiingereza na Kiarabu. Yeye amezaliwa upande wa Mwingi, na aliponza kazi aliandika Kisomali kwa kusikia. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na herufi zake zina kazi zake: c ni sauti ya kooni, x ni ile h nzito. Aliwahi kuandika "halaal" kwenye bucha, mzee mwenye bucha akasimama akatazama, akamwambia, "Fundi, hapa tunaanza na x." Akafuta, akaandika Hilib Xalaal. Siku hizi wazee wanamwita "abti", mjomba, na yeye ndiye anayewakosoa wengine.

Kuna pia adabu za picha. Wateja wengine hawataki kiumbe chenye roho kichorwe ukutani kwao. Basi muuza nyama atachorewa sahani na kisu, muuza maziwa atachorewa kibuyu. Mwingine anataka ngamia mzima mwenye nundu na kope, tena awe mnene. Anayejua kuuliza kabla ya kuchora ndiye anayerudi kesho kuitwa kwa duka la jirani. Sisi tuliosomea masoko tulifundishwa kumjua mteja kwa dodoso. Yeye anamjua kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa.

Turudi kwenye pesa. Rangi inanunuliwa dukani kwa pesa taslimu ama kwa simu, haikopeshwi. Inatoka Nairobi, karibu kilomita 370, kwa hiyo bei ya kopo imebeba na nauli. Novemba 2023, mafuriko yalipoikata barabara pale Madogo, ng'ambo tu ya Mto Tana, mizigo ikakwama na kilichokuwapo madukani kikapanda bei. Mwenye duka aliyeahidi "tutaongea kazi ikiisha" hakupanda bei yake. Mchoraji akala hasara. Ukifikiria vizuri, mteja asiyetoa chochote mwanzoni anakopeshwa na mchoraji: anakopa rangi, thina, na siku mbili za mtu. Huo ni mkopo usio na riba, usio na tarehe, na mkopeshaji ndiye maskini kuliko mkopaji.

Wakati wa kampeni ni mbaya zaidi. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 kazi zilijaa mpaka akaajiri kijana wa kumshikia ngazi. Mgombea mmoja aliandikiwa kuta sita. Matokeo yakatoka, simu ikazimwa. Kuta zile alikuja kuzipaka nyeupe yeye mwenyewe, bure, kwa sababu wenye maduka walimlilia yeye, si mgombea.

Kiswahili kina neno la zamani la pesa ya kushikia kazi: arabuni. Lina asili ya Kiarabu, na Wasomali wana ndugu yake, carbuun. Kwa hiyo hatuleti jambo geni. Mtu akinunua mbuzi wa harusi anaweka arabuni. Akikodi gari la kwenda Wajir anaweka arabuni. Ila ikifika kwa mchoraji, ghafla tunataka tuone kwanza.

Hapo Wajir ndipo tulipoona simu ilivyobadilisha maisha yake. Zamani akiitwa Wajir alipanda basi kwa nauli yake, zaidi ya kilomita 300, akafika akaambiwa mwenye duka amesafiri, ama amepata mwingine wa bei nafuu. Sasa hapandi basi kabla ujumbe haujaingia. Mteja akituma nusu, anaondoka. Asipotuma, analala kwake. Alituambia bila kucheka: "Ujumbe ukiingia ndio najua ile kazi ipo." Sisi tunauza huduma hii na hatukuwahi kuieleza vizuri hivyo.

Lakini kuna jambo alilotufundisha ambalo ndilo tulilokwenda kutafuta. Mama wa maziwa ya ngamia, yule wa herufi za buluu, siku ya kwanza ya ukuta wake mpya alikaa mpaka adhuhuri bila ujumbe hata mmoja, na vikombe vinauzwa. Wateja wakisema "nimelipa, mama," wakimwonyesha simu. Kumbe binti yake alikuwa ameandika nambari kwenye kipande cha karatasi, na 1 yake ilifanana na 7. Mchoraji akachora 7. Pesa ikaenda kwa duka la vipuri la mji mwingine kabisa. Jina la duka lile lilitokea kwenye simu ya kila mteja kabla hajathibitisha malipo, na hakuna aliyelisoma. Watu wana haraka, jua ni kali, vidole vimezoea. Sehemu ya pesa ilirudishwa baada ya kupiga simu huduma kwa wateja. Sehemu haikurudi.

Nani alaumiwe? Mama alimlaumu fundi, fundi akalaumu karatasi, binti akanyamaza. Sisi tunajilaumu kidogo, kwa sababu tunawaambia watu "soma jina kabla ya kuthibitisha malipo" kwa maneno madogo chini ya bango, kana kwamba ni jambo dogo.

Tangu siku hiyo yule mchoraji hapaki nambari ya mtu bila kufanya hivi. Anaomba nambari iletwe kwa ujumbe wa simu, hakubali karatasi wala kusomewa kwa mdomo. Anaiandika kwa chaki. Halafu anatoa simu yake, anasoma ile chaki ukutani, si ule ujumbe, na analipa shilingi 10. Jina likitokea analisoma kwa sauti: "Ni wewe huyu?" Simu ya mwenye duka ikilia, brashi inaingia kwenye rangi. Isipolia, kitambaa kinafuta chaki. Hizo shilingi 10 anaziongeza kwenye bili, na mpaka leo hajapata mteja aliyezikataa.

Tunakuomba wewe mwenye biashara ufanye hivyohivyo, iwe unachorewa ukuta, unachapisha kibandiko ama unaandika kwa kalamu kwenye katoni. Na wewe mnunuzi, soma jina kwanza. Mtu anaweza kukosea, na mtu mwingine anaweza kuja usiku akabandika nambari yake juu ya ile ya haki. Jina likiwa geni, uliza kabla ya kuendelea. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa upande wa mchoraji tuna nasaha mbili, na tulimwambia uso kwa uso. Ya kwanza, asiamini ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Atazame salio lake mwenyewe, maana ujumbe wa kughushi ni rahisi kuutengeneza kuliko kuchora ngamia. Ya pili ilitushangaza: mtu aliyechora nambari za tili za nusu ya mtaa hakuwa na yake! Pesa ya kazi, ya karo na ile aliyotumiwa na shemeji zilikuwa zinakaa chungu kimoja, na mwisho wa mwezi hajui rangi ilikula kiasi gani. Alisema tili ni ya watu wenye duka. Tulibishana naye karibu saa nzima. Mwenye brashi na kopo ana biashara, na akitaka kukopa pesa ya kununua rangi nyingi kwa pamoja, ile orodha ya malipo yaliyoingia ndiyo itakayomsemea.

Tukawa tunadhani tatizo ni Garissa nzima. Si kweli. Wadada wanaochora hina na piko wametushinda wote. Siku za kukaribia Idd ama harusi, hakuna mkono unaoguswa kabla pesa haijaingia. Picha za mitindo zinatumwa kwa simu, bi harusi anachagua, nusu inatumwa, saa inapangwa. Tulimuuliza mmoja wao kama wateja hawakasiriki. Akatuangalia kama tumetoka mwezini: "Akikasirika atajichora mwenyewe." Hina inafutika baada ya wiki chache na inalipiwa mapema. Ukuta unakaa miaka, unaleta wateja kila siku, na unalipwa kwa awamu za "njoo kesho."

Labda ni kwa sababu tunauona uchoraji wa kuta kama kazi ya mikono tu. Tukumbuke basi kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za kung'aa za kupakia baiskeli na mbao laini za kuezekea dari. Alifariki 1972. Leo mtindo wenye jina lake unauzwa kwa watalii Afrika Mashariki nzima. Na hapa Kenya, Joseph Bertiers alianza na mabango ya biashara kabla picha zake hazijaingia kwenye majumba ya sanaa. Brashi ni ileile.

Tuna la kukiri. Mwaka uliopita mmoja wetu alimwomba mchoraji fulani achore ukuta wa hafla yetu bila malipo, "upate kujulikana." Tulifundishwa maneno hayo darasani na tukayaona ya akili. Yule mchoraji alijibu kwamba anajulikana tayari, anachokosa ni thina. Ukuta ule hatukuupata, na sasa tunaona alifanya vizuri. Safari hii tulimlipa yule wa Garissa kwa muda aliotukalia, nusu siku ya kwanza na nusu siku ya pili. Vibandiko tulivyotoka navyo Nairobi vimepauka kwa jua kabla hata hatujaondoka, yeye akatucheka kwa heshima.

Jioni ya mwisho tulipita kwa mama wa maziwa. Ile 7 imegeuzwa kuwa 1, lakini ukikaribia unaona kivuli cha mkia wake chini ya rangi mpya. Tulinunua vikombe viwili, tukaweka nambari, jina likatokea. "Someni kwa sauti, watoto wangu," akasema, na mkono mwingine anashika simu kusubiri ilie.