Geuza Birika, Usome Chini Yake

Ndugu msomaji, kabla hujachomeka kitu kingine kwenye ile ekstensheni iliyo nyuma ya kabati, nakuomba dakika tano.

Ramadhani iliyopita nilikuwa kwa shangazi yangu Tanga, magharibi imekaribia. Friji inanguruma, televisheni iko kwenye mawaidha, birika la umeme linachemsha maji ya uji, na binamu yangu akachomeka pasi ili anyooshe kanzu ya tarawehe. Vyote vinne vilikuwa kwenye ekstensheni moja, na waya wake uliozidi ulikuwa umeviringishwa na kusukumwa chini ya zulia. Ilianza harufu ya plastiki, kisha moshi. Shangazi alikuwa karibu na swichi ya ukutani, akaizima. Zulia lilitoboka tundu jeusi, upana wa sahani. Ingekuwa usiku, tumelala, nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Baada ya futari tulikaa na karatasi. Kila chombo cha umeme kina kibandiko mgongoni au chini yake, chenye volti na wati. Birika lilisema 2000, pasi 1200, friji 150, televisheni 100. Jumla wati 3450. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea, kwa hiyo ukigawa wati kwa volti unabaki na ampea: 3450 kwa 230 ni 15. Ekstensheni ilikuwa imeandikwa 13, tena kwa herufi zinazosomeka vizuri. Mtoto wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo, na nyumba ile ina wawili wa sekondari.

Utasema ampea mbili tu zimezidi, na fyuzi ilikuwa na kazi gani? Fyuzi ya 13 iliyo ndani ya plagi huvumilia ampea 15 kwa muda mrefu bila kukatika. Usiiachie ikufikirie. Na waya wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko maandishi yake, ule ambao mafundi huuita sifuri nukta saba tano. Urefu wake mita tano, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, ni mita kumi za shaba. Ukinzani wake wote ni kama robo ya omu.

Ukinzani ni volti ukigawa kwa ampea. Birika peke yake huvuta ampea 8.7, na 230 kwa 8.7 ni omu 26 na kitu. Mbele ya 26, robo ni nini? Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, kwa sababu joto la waya halifuati ukinzani peke yake. Unazidisha ampea kwa ampea, kisha kwa ukinzani. 15 mara 15 ni 225, na robo yake ni wati 56. Kumbuka zile balbu za zamani za wati 60 na jinsi zilivyounguza kidole. Tuliiwasha moja, tukaifunika kwa zulia, tukaenda kukaanga sambusa.

Kanuni hiyo ya joto ilitolewa mwaka 1841 na James Joule, mtoto wa mtengeneza pombe wa Salford, Uingereza. Ile ya ukinzani ni ya Georg Ohm, mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, aliyeichapisha mwaka 1827. Walimu wenzangu wa fizikia, hapo nina ombi kwenu: itoeni ubaoni. Mwambieni mwanafunzi aje na wati za vyombo vya kwao, akokotoe ampea za sebule ya mama yake.

Plagi iliyolegea ni mbaya zaidi. Pakiwa na nusu omu tu mahali shaba inaposhikana kwa shida, birika lile linaacha hapo wati 38, joto la kile chuma anachoyeyushia risasi fundi redio, ndani ya kitu kidogo kama kiberiti. Ukigusa plagi ikakuchoma, zima, chomoa, mwite fundi mwenye leseni. Nanyi mafundi, tafadhali, msizibe fyuzi kwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara hata mteja akibembeleza.

Wapangaji mnaochangia LUKU moja, hesabu hiyohiyo itawapunguzia maneno: wati 1000 kwa saa moja ni uniti moja. Andikeni nani ana jiko la koili na nani ana balbu mbili, mgawane kwa haki.

Kazi ya leo ni ndogo. Geuza birika likiwa limepoa na halimo kwenye umeme, usome. Fanya hivyo kwa pasi, friji na jiko. Jumlisha, gawa kwa 230, kisha linganisha na namba iliyoandikwa kwenye ekstensheni. Ikizidi, birika na pasi visiwake pamoja, na kila kimoja kipate soketi yake ya ukutani. Toa waya chini ya zulia, uukunjue wote. Kisha nenda kwa jirani mzee anayeishi peke yake, umwamkie, umwombe mkasome pamoja vya kwake.

Kwa shangazi, juu ya soketi ya sebuleni, sasa kuna kipande cha plasta nyeupe. Binamu yangu mdogo ameandika kwa kalamu nyekundu: birika 8.7, pasi 5.2, kwa zamu.