Nyongeza ya sado na pointi za kadi

Sokoni Mbuyuni, mjini Moshi, maharage hupimwa kwa sado, kile kindoo kilichorithi jina lake kutoka rangi za Sadolin. Muuzaji hukijaza mpaka maharage yafanye kilima juu ya mdomo, kisha huyamimina kwenye mfuko wa mnunuzi. Mnunuzi haondoki. Husimama palepale, mfuko wazi, akitazama gunia. Mama muuzaji huguna, huchota konzi moja, huitupia mfukoni, na hapo ndipo biashara huhesabiwa kuwa imekwisha. Hiyo ndiyo nyongeza. Haikuandikwa popote, lakini kwa sababu yake mnunuzi atarudi kwa mama yuleyule wiki ijayo.

Mabenki nayo yana konzi yao. Kadi ya mkopo yenye pointi humwahidi mteja kwamba kila atakapolipia mafuta, hoteli au tiketi, ataandikiwa pointi, na zikifika idadi fulani atazibadilisha kwa safari ya ndege, vocha ya manunuzi au punguzo. Tanzania kadi za mkopo bado ni za wachache. Benki kubwa kama CRDB na NMB huzitoa chini ya nembo za Visa na Mastercard, na kampeni kama MastaBata ya NMB zimewazoesha wateja wazo kwamba kulipa kwa kadi kunaweza kuleta zawadi. Ofa hizo zinazidi kuwafikia walimu, madaktari, wenye kampuni za utalii na wafanyabiashara wa Moshi, na swali linalowakabili ni moja: konzi hii inatoka gunia la nani?

Mama wa Mbuyuni huchota kwenye gunia lake mwenyewe. Pointi za kadi huchotwa kwenye magunia ya wengine.

Gunia la kwanza ni la mfanyabiashara. Kadi inapopitishwa kwenye mashine, muuzaji hapokei bei yote. Hukatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Umoja wa Ulaya uliiwekea sehemu hiyo ukomo mwaka 2015: asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Marekani haijaziwekea kadi za mkopo ukomo wa namna hiyo, na ndiyo maana kadi za pointi zimestawi huko kuliko Ulaya. Pakiwa na makato makubwa, panakuwa na cha kugawa.

Moshi inayaona makato hayo kutoka upande wa pili wa kaunta. Mtalii aliyeko Chicago hulipa kwa kadi dola 2,500 za kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kama makato ni asilimia 4, dola 100 haziifikii kampuni ya Moshi, wakati pointi zinaingia kwenye akaunti ya mtalii na huenda zikamlipia safari yake ijayo. Kampuni isipotaka kubeba hasara hiyo, humtwisha mteja. Hoteli na kampuni nyingi za utalii kaskazini mwa Tanzania zimekuwa zikiwatangazia wageni kwamba anayelipa kwa kadi ataongeza kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 5.

Hapo hesabu ya mkazi wa Moshi mwenye kadi ya pointi inavunjika. Tuseme pointi zake zina thamani ya asilimia 1 ya matumizi. Akilipa bili ya hoteli ya shilingi 1,000,000 mahali panapotoza nyongeza ya asilimia 4, atatoa shilingi 40,000 za ziada ili aandikiwe pointi za shilingi 10,000. Mama wa Mbuyuni angeshangaa kumwona mnunuzi anayetoa konzi nne apewe moja.

Gunia la pili ni la mwenye kadi anayechelewa kulipa. Na kama kuna mwezi ulioumbwa kwa ajili ya kumchelewesha Mchaga, ni Desemba.

Kila mwaka mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa wanaopanda mlimani kwa Krismasi, kwenda kuhesabiwa kama utani unavyosema. Kuanzia Marangu mpaka Rombo, Kibosho mpaka Machame, migomba husikia lafudhi za Dar. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, wajomba na shangazi hupelekewa mifuko ya sukari na vitenge, na mwenye gari huhakikisha limeoshwa kabla ya kuingia kijijini. Tuseme matumizi yote ya sikukuu ni shilingi 2,000,000, na yote yamepita kwenye kadi. Pointi alizovuna, kwa kipimo kilekile, ni shilingi 20,000. Januari ikafika na ada za shule, sare na madaftari, akalipa shilingi 200,000 tu ya deni la kadi. Kwa mfano wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, shilingi 1,800,000 zilizobaki zitazaa riba ya shilingi 36,000. Mwezi mmoja tu, na riba imekwisha kuzimeza pointi zote na kudai shilingi 16,000 juu yake.

Hata hesabu hiyo imempendelea mwenye kadi, kwa kuwa mbuzi wa mnadani hanunuliwi kwa kadi. Wala ndizi mshare za Marangu Mtoni, wala mbege, wala nauli ya bodaboda ya kutoka lami hadi kwa bibi. Huko fedha hutembea kwa noti au kwa simu, kupitia Lipa Namba. Mwenye kadi ya mkopo akitaka fedha taslimu ataitoa kwenye ATM, na kwa kawaida fedha ya namna hiyo haina pointi, ina ada yake, na riba huanza kuhesabiwa siku ileile.

Utafiti wa kiuchumi uliotolewa mwaka 2022 kuhusu kadi za mkopo Marekani ulikadiria kwamba programu za zawadi huhamisha takriban dola bilioni 15 kila mwaka kutoka kwa watumiaji wasio na ujuzi wa mambo ya fedha kwenda kwa wenye ujuzi. Kwa maneno mengine, safari ya anayelipa deni lake lote kila mwezi hugharimiwa na riba ya jirani yake anayelipa kidogo kidogo. Gunia la tatu, ada ya mwaka, wanalichangia wote wawili.

Halafu kuna suala la ahadi yenyewe. Konzi ya maharage ikishaingia mfukoni ni mali ya mnunuzi. Pointi hubaki kwenye daftari la aliyeziahidi, na Moshi ilikwisha kuona daftari la namna hiyo likifungwa. Nakumatt, duka kubwa kutoka Kenya lililoanza kama biashara ya magodoro Nakuru, lilikuwa na tawi mjini hapa, na wateja wake walikuwa na kadi ya Smart iliyokusanya pointi kwa kila manunuzi. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu kwa sababu wauzaji wa jumla hawakulipwa. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka kampuni chini ya msimamizi, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai waliamua ifilisiwe. Tawi la Moshi nalo likawa limefungwa. Kwenye foleni ya wadai, iliyoanza na mabenki na kuendelea na wauzaji wa jumla, mwenye pointi za unga na sabuni hakuwa na mahali pa kusimama.

Hata kampuni iliyo imara inaweza kubadili masharti. Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, na kwa miaka mingi Wakenya waliziweka kama akiba. Mwishoni mwa 2022 ilitangaza kwamba pointi zenye zaidi ya miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023. Malalamiko yakazuka na mpango ukasitishwa. Wateja wengi walikuwa hawajawahi kufikiria kwamba pointi zao zingeweza kuwekewa tarehe ya kufa.

Ajabu ni kwamba watu wa Kilimanjaro si wageni wa wazo lenyewe. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafumaji na mafundi walifungua duka la ushirika na kukubaliana kwamba faida itarudishwa kwa kila mwanachama kulingana na alivyonunua. Kadi za pointi zina undugu na duka lile. Wazo hilo la ushirika lilipanda mlima huu pamoja na kahawa: chama cha wakulima wenyeji kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Mkulima alipokea malipo ya awali alipofikisha kahawa yake, na baada ya mnada akapata malipo ya pili kulingana na kilo alizoleta. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kimefundisha vizazi vya wahasibu na makatibu wa vyama kazi ya kuhesabu mgawo kama huo.

Malipo ya pili yaliwahi kuchelewa, na vyama vingine vilijaa madeni. Wazee wa mlimani hawajasahau. Lakini yalikuwa fedha, si pointi, na mwanachama alikuwa na haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza daftari linasemaje. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilionyesha kwamba hata kampuni ya simu inaweza kufuata njia hiyo ilipowagawia watumiaji wake shilingi bilioni 14.25, faida ya fedha zao wenyewe zilizokuwa zimehifadhiwa benki. Kila mtu aliona kiasi chake kwa shilingi, akakitumia alivyotaka.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kadi ya pointi haina mtu wake Moshi. Yuko. Ni mwenye kampuni ndogo ya utalii anayelipia matangazo ya intaneti, tiketi za ndege na mahema kutoka nje, manunuzi ambayo Lipa Namba haiyafikii. Anayalipa kwa kadi kwa vyovyote, mauzo yake yanaingia kabla ya tarehe ya mwisho ya malipo, na deni hulifuta lote kila mwezi. Kwake pointi ni konzi ya kweli, mradi achunguze kiwango anachotozwa kubadili shilingi kuwa dola, kwa sababu asilimia chache hapo zinatosha kuzila.

Mwalimu wa sekondari au muuguzi ambaye mshahara wake unakutana na ada njiani hana sababu ya kuchukua mkopo kwa ajili ya pointi. Atapata zaidi kwa kutokuwa na deni Januari.

Benki nazo zina wajibu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama na masharti waziwazi. Kwa kadi za pointi, uwazi huo ungeweza kuwa mistari mitatu tu kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu, kwa Kiswahili na kwa herufi zilezile zinazotangaza zawadi: pointi moja ni shilingi ngapi, inakufa lini, na riba ya mwezi ni kiasi gani. Mwombaji wa Moshi angeisoma akiwa bado amesimama kaunta, kalamu mkononi, kabla hajatia sahihi.