Twendeni Saanane, Lakini Ziwani Tusioge

Likizo zikifika watoto huomba kupelekwa matembezi. Sisi wauguzi tunasema: wapelekeni. Kwa familia za Mwanza, kisiwa cha Saanane ni karibu. Mnapanda boti pale Capri Point, na baada ya dakika chache mmefika. Kisiwa hicho kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kuna miti ya kivuli, mawe makubwa ya kupanda, swala na pimbi. Hata mzazi mwenye shinikizo la damu au kisukari atanufaika, maana mtu mzima anahitaji kutembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa juma.

Tunachopinga ni kitu kimoja: kuwaachia watoto waoge ziwani, iwe huko au ufukweni wakati wa kurudi.

Tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka tisa aliyekuja likizo kutoka bara. Alikuwa na homa, kikohozi na tumbo la kuuma. Alikwisha kutibiwa malaria mara mbili mahali pengine bila nafuu. Tulipomwuliza mama yake vizuri, akakumbuka: majuma sita nyuma walikwenda ziwani, na mtoto alishinda majini. Kilikuwa kichocho.

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu. Huvioni, wala maji kuwa maangavu si dalili ya usalama.

Wapo wanaotujibu: "Sisi tulioga humo tangu utoto, na tu wazima." Ndugu zetu, kichocho cha matumbo huliharibu ini polepole, kwa miaka. Baadhi ya watu wazima tunaowapokea wodini wakitapika damu walioga humo humo, nao walijiona wazima.

Basi, tushike haya:

1. Watoto wacheze nchi kavu. Mpira na kupanda mawe vyatosha.

2. Chukueni maji safi kutoka nyumbani, ya kunywa na ya kunawa.

3. Ndani ya boti kila mtu avae boya, hata kama safari ni fupi. Mwanza haijaisahau MV Bukoba, 21 Mei 1996.

4. Haja zote ziende chooni. Mayai ya kichocho hurudi ziwani kwa njia hiyo.

5. Aliyeingia majini apimwe. Mwambieni mganga waziwazi kwamba alioga ziwani. Dawa ipo, hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu, lakini haikingi: akirudi majini ataambukizwa tena.

Kumnyima mtoto matembezi si kumlinda. Tumpeleke, tumwangalie, naye arudi amechoka kwa kucheza, asirudi na ugonjwa.